Akipigwa wa kwetu ni ubaguzi, akipigwa wa kwao ni ajali

Kwa wazee wa Dindira, kule juu kwenye mashamba ya chai ya Usambara wilayani Korogwe, India si nchi ya mbali kama ilivyo kwenye ramani. Ni duka la Mhindi la mjini walikonunua kaniki na mafuta ya taa tangu ujana wao. Ni mashamba ya mkonge ya huko bondeni, ambayo familia za Kihindi kama akina Karimjee zilikuwa na sehemu yake kubwa katika mkoa huu wa Tanga. Ni hospitali anakopelekwa mgonjwa wa moyo ndugu wakishachanga. Na kwa miaka ya karibuni ni chuo anakosoma mtoto.

Hilo la chuo ndilo jipya, na ndilo linalowanyima watu usingizi. Kijana amemaliza kidato cha sita, pointi zake hazikutosha kozi aliyoitaka hapa nyumbani, au zimetosha lakini mkopo haukutoka. Anakuja wakala wa vyuo vya nje na vipeperushi vyenye picha za majengo ya vioo. Ada ya India haifiki robo ya ada ya Uingereza, masomo ni ya Kiingereza, na chakula kina wali na chapati. Mzee anauza ng'ombe, mama anaingia upatu, shamba la iliki linawekwa rehani. Kijana anapanda basi pale Korogwe kwenda Dar es Salaam, na baada ya siku mbili anapiga simu akiwa Bengaluru, mji ambao wazazi wake hawawezi hata kulitamka jina lake sawasawa.

Jioni ya Jumapili, Januari 31, 2016, jina hilo likajulikana Tanzania nzima. Katika eneo la Hesaraghatta, pembezoni mwa mji huo, gari lililoendeshwa na mwanafunzi kutoka Sudan lilimgonga na kumuua mwanamke mkazi wa hapo. Watu wakakusanyika wakiwa wamechafukwa. Kama nusu saa baadaye likapita gari jingine likiwa na vijana wa Kitanzania, ambao hawakumjua yule Msudani wala hawakuwa na habari ya kilichotokea. Wakasimamishwa. Gari lao likachomwa moto. Mmoja wao, binti wa miaka 21, alipigwa na kuchaniwa nguo. Basi la abiria lilipopita akalikimbilia, akatia mguu mlangoni, abiria wakamsukuma akarudi kulekule kwa waliokuwa wakimfukuza. Mpita njia mmoja alivua fulana yake ampe ajisitiri, naye akapigwa kwa kosa hilo la kumpa fulana. Wanafunzi wenzake walieleza baadaye kwamba polisi walikuwapo, na kwamba kituoni aliambiwa kwanza amlete yule Msudani.

Nataka tuyaache kidogo ya barabarani tutazame yaliyosemwa na wakubwa, kwa sababu katika mambo haya kauli ya serikali ni nusu ya tukio. Ndiyo inayomwambia mhuni wa kesho kama atafungwa au ataachwa.

Jumatano, Februari 3, Ubalozi wa Tanzania mjini New Delhi ulikuwa umekwisha kuiandikia rasmi Wizara ya Mambo ya Nje ya India ukitaka waliohusika wakamatwe na wanafunzi wa Kitanzania walindwe. Siku hiyohiyo Waziri wa Mambo ya Nje wa India, Sushma Swaraj, aliandika kwenye Twitter kwamba ameumizwa sana na tukio hilo la aibu. Watu watano wakakamatwa haraka, wengine wakaongezeka, na baadhi ya askari wakasimamishwa kazi. Hadi hapo mtu angesema India imejibu vizuri. Lakini Waziri wa Mambo ya Ndani wa jimbo la Karnataka, G. Parameshwara, naye akazungumza. Alisema huo haukuwa ubaguzi wa rangi. Kwa maelezo yake, watu walikasirishwa na ajali tu.

Sasa jiulize. Ajali ilisababishwa na mtu mmoja. Aliyepigwa ni mwingine, wa nchi nyingine, wa jinsia nyingine, aliyefika baada ya nusu saa. Kati ya hao wawili hakuna kilichofanana isipokuwa ngozi. Kama hasira zile zilikuwa za ajali, ziliwezaje kumtambua?

Balozi wetu wakati huo alikuwa John Kijazi, mhandisi kwa taaluma, mtu wa maneno machache. Hakubaki ofisini kusubiri majibu ya barua. Alipanda ndege pamoja na maofisa wa serikali ya India, wakasafiri zaidi ya kilomita 1,700 hadi Bengaluru, akaonana na wanafunzi na viongozi wa jimbo. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli alimteua kuwa Katibu Mkuu Kiongozi, cheo alichokishika hadi alipofariki Februari 2021. Alipoondoka duniani magazeti yalimkumbuka kwa kazi ya Ikulu na ya ujenzi wa barabara. Mimi namkumbuka zaidi kwa safari ile ya Bengaluru, maana mwanafunzi aliyepigwa ugenini hahitaji hotuba kama anavyohitaji kumwona mtu wa serikali yake akiingia mlangoni.

Upande wa kauli, kuna siasa ambayo wengi wetu hatukuiona. Karnataka mwaka huo ilitawaliwa na chama cha Congress. Serikali kuu Delhi ilikuwa mikononi mwa BJP, chama cha Bi Swaraj. Kuiita aibu aibu, ikiwa imetokea kwenye himaya ya mpinzani, hakumgharimu mtu kitu. Sisemi mama yule hakuumia kweli. Alikuwa na sifa ya kuwasikiliza watu wanyonge na kuwajibu mwenyewe kwenye mtandao. Lakini subiri mwaka mmoja uone.

Machi 2017, huko Greater Noida, jirani na Delhi, kijana mmoja wa Kihindi alifariki na watu wakawashuku Wanigeria waliopanga jirani. Uvumi ukaenea hadi kufikia kusema kwamba jamaa wale wanakula watu. Kundi likawavamia wanafunzi wa Kiafrika, wengine wakapigwa ndani ya jengo la maduka, kwa viti, mbele ya kamera. Jimbo hilo, Uttar Pradesh, lilikuwa limepata serikali mpya ya BJP siku chache tu kabla. Mabalozi wa nchi za Afrika mjini New Delhi walikutana wakatoa tamko: mashambulizi hayo ni ya chuki dhidi ya wageni na ya rangi, India haikuchukua hatua za kuonekana kuyazuia, na ufanyike uchunguzi huru kupitia Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Safari hii Bi Swaraj hakutaja aibu. Aliliambia Bunge kwamba ni bahati mbaya mabalozi kusema hivyo, na kwamba uchunguzi usipokamilika jambo hilo lisiitwe ubaguzi.

Katikati ya matukio hayo mawili, Mei 2016, mwalimu wa Kifaransa kutoka Kongo aliuawa kwa kipigo Delhi baada ya ugomvi wa kugombea bajaji. Mabalozi, wakiongozwa na mkuu wao, Alem Tsehage wa Eritrea, waligonga palipouma. Walitaka sherehe za Siku ya Afrika zilizokuwa ziandaliwe na serikali ya India ziahirishwe, kisha wakaeleza kwamba hawatakuwa na njia isipokuwa kuzishauri serikali zao zisipeleke wanafunzi wapya India hadi usalama wao uhakikishwe. Ndani ya siku chache mawaziri walikuwa wakipishana milangoni kuwatuliza. Ilionekana wazi kwamba masikitiko hayakuwasogeza watu, ada iliwasogeza. Vyuo binafsi vya India vinaishi kwa ada, na kiti kisichokuwa na mwanafunzi kinauma kuliko tamko. Hata hivyo, wakati mabalozi wakitulizwa, Waziri Mdogo wa Mambo ya Nje, Jenerali mstaafu V. K. Singh, aliandika kwamba yaliyowakuta Waafrika wengine wa Delhi siku zilezile ni ugomvi mdogo tu na vyombo vya habari vinakuza mambo.

Lawama kwa vyombo vya habari ni ya kuitazama kwa makini, kwa sababu imewahi kusemwa kwa India yenyewe.

Rudi nyuma hadi 2009. Wanafunzi wa Kihindi Australia, hasa Melbourne, walikuwa wakivamiwa usiku kwenye treni na vituoni, wakiporwa, wengine wakichomwa visu. Mwezi Mei mmoja alichomwa kwa bisibisi kichwani, na wenzake kwa maelfu wakajaa mitaani mbele ya kituo cha treni cha Flinders Street. Magazeti na televisheni za India zikawaka moto. Huo ni ubaguzi, zikasema, wala hazikusubiri uchunguzi wa mtu. Mwigizaji Amitabh Bachchan akakataa shahada ya heshima ya chuo kimoja cha Brisbane. Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, S. M. Krishna, akafunga safari hadi Australia.

Na Australia ilijibu nini? Soma polepole: wakubwa wa huko walisema ni uhalifu wa kawaida wa mjini, kwamba wahuni wanamvizia yeyote mwenye simu nzuri anayetembea peke yake usiku, na kwamba vyombo vya habari vya India vinakuza mambo. Polisi wakawashauri wanafunzi wasizungumze kwa sauti kubwa kwa lugha yao wakiwa safarini. Ushauri huo, kwa mwenye masikio, ulikuwa unakiri kile ambacho wakubwa walikuwa wanakikana.

Januari 2010 kijana wa Kihindi wa miaka 21 aliuawa bustanini akienda kazini Melbourne. Gazeti la Mail Today la Delhi likachapisha katuni ya askari wa Victoria, jimbo la Melbourne, aliyevaa kofia ndefu nyeupe ya Ku Klux Klan. Julia Gillard, aliyekuwa akikaimu uwaziri mkuu, akasema katuni hiyo ni matusi makubwa. Baadaye kesi ilipoisha, aliyepatikana na hatia alikuwa mvulana wa miaka 15 aliyetaka simu ya marehemu. Gazeti lilikuwa limekwisha kuchora hukumu yake miezi mingi kabla ya mahakama.

Kwa hiyo ndani ya miaka minane dola ileile imekaa viti vyote viwili. Mtoto wake alipopigwa Melbourne, ushahidi wa ubaguzi ulikuwa wazi kama jua la mchana. Mtoto wa Tanzania, wa Kongo na wa Nigeria alipopigwa kwake, ghafla likahitajika jopo, subira na tahadhari ya maneno. Wala si India peke yake. Usiku wa kuamkia Mei 18, 2024, makundi ya watu mjini Bishkek, Kyrgyzstan, yalivamia mabweni ya wanafunzi wa kigeni, wengi wao Wapakistani na Wahindi wanaosomea udaktari. Delhi iliwaambia wanafunzi wake wasitoke nje, Pakistan ikaanza kuwarudisha wake nyumbani, na Bishkek ikasema hali ni shwari.

Kabla hatujaanza kuwanyooshea Wahindi vidole, tuwaulize wahariri wetu. Ni gazeti gani la Kiswahili ambalo halijawahi kuandika kwamba mtuhumiwa aliuawa na "wananchi wenye hasira kali"? Tumelizoea neno hilo kiasi kwamba halitushtui. Linawaondolea wauaji majina, linawapa sababu, na linamwacha marehemu akiwa na hatia bila kesi. Bwana Parameshwara hakujua Kiswahili, lakini angelipenda mno. Watu walikasirika, basi. Nani ashitakiwe, hasira?

Na kwa Wahindi wa kwetu kalamu zetu hazikuwa safi wakati wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mchungaji Christopher Mtikila wa chama cha DP alipita majukwaani akiwanadi "magabacholi" kama wanyonyaji wa "walalahoi". Maneno yale yalikuwa na ladha, magazeti mapya ya binafsi yalikuwa na njaa ya habari, na neno likasambaa mitaani hadi kwa watoto. Duka la Mhindi likawa mahali pa kutupia jicho. Serikali ilimkamata na kumfikisha mahakamani, lakini kumshitaki mtu kwa uchochezi ni jambo moja na kuwaambia wananchi kwamba alichosema ni ubaguzi ni jambo jingine. La pili lilisemwa kwa sauti ndogo mno. Leo kanuni za maadili za Baraza la Habari zinamkataza mwandishi kutaja rangi au asili ya mtu ikiwa haihusiani na habari. Fungua gazeti uhesabu mara ngapi "mfanyabiashara mwenye asili ya Kiasia" ametajwa hivyo katika habari ya kodi, halafu utafute mara moja tu palipoandikwa "mfanyabiashara mwenye asili ya Kiafrika".

Yupo aliyewahi kusema kwa sauti kubwa. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili sheria ya uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika, wengine wasubiri. Julius Nyerere alisimama akawaka. Aliwafananisha wanaotaka uraia wa rangi na Hitler na Verwoerd wa makaburu wa Afrika Kusini, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kupitisha jambo hilo. Siku ile hakuwa na kura ya kupata kwa kuwatetea Wahindi. Watu wa kupiga kura walikuwa upande wa pili.

Miaka 11 baadaye, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 wafungashe. Wakati ndege zikianza kuwachukua kwenda Uingereza, halmashauri ya mji wa Leicester ilinunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus, toleo la Septemba 15, ikiwaonya wasithubutu kwenda huko kwa kuwa nyumba zimekwisha, shule zimejaa na hospitali zimeelemewa. Fikiria familia Kampala inafunga masanduku, inafungua gazeti la asubuhi, na mji wa Uingereza unawaambia kwa herufi kubwa hatuwataki. Serikali moja inafukuza kwa redio, nyingine inafunga mlango kwa tangazo la kulipia. Nyerere, kiongozi wa Kiafrika akimzungumzia kiongozi wa Kiafrika, alisema hadharani kwamba alichofanya Amin ni ubaguzi wa rangi. Wapo watakaosema ilikuwa rahisi kwake, kwa sababu alikuwa amemhifadhi Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na alikuwa na kisasi na Amin huyo. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mwaka mmoja kabla, serikali yake ilitaifisha majumba ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Wahindi wengi wa Tanga, Moshi na Dar es Salaam waliosoma alama za nyakati wakafunga virago. Hakuwa malaika. Lakini tafuta kiongozi mwingine wa ukanda huu wa miaka ile aliyelitaja kosa hilo kwa jina lake wakati aliyekosa ni ndugu na aliyekosewa si wa rangi yake. Kaunda wa Zambia utampata. Baada yake, utatafuta sana.

Hicho ndicho kilichokosekana Bengaluru. Si kwamba India haikukamata watu. Iliwakamata, na kwa haraka kuliko nchi nyingi. Kilichokosekana ni waziri wa palepale jimboni, mwenye wapiga kura palepale Hesaraghatta, kusimama mbele ya watu wake na kuwaambia: mmempiga binti wa watu kwa sababu ni mweusi. Masikitiko ya Delhi yaliandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam. Kauli ya jimboni ndiyo iliyosikika mtaani.

Mahusiano ya nchi mbili hayakutetereka. Julai 10, 2016, Waziri Mkuu Narendra Modi alikuwa Dar es Salaam akipigiwa ngoma, mikataba ikatiwa saini, ukiwamo mkopo wa dola milioni 92 kwa ajili ya maji ya Zanzibar. Oktoba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Delhi akatunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru. Wanafunzi nao wanaendelea kwenda, na ningekuwa na mtoto mwenye kiu ya kompyuta au famasia nisingemkataza. Ningemwambia tu ajiandikishe ubalozini siku ya kwanza kabla ya kununua laini ya simu, na ajue chama cha wanafunzi wa Kitanzania wa mji wake kinakutana wapi.

Kitu kimoja kimebadilika, nacho kinatuhusu. Mwezi uliofuata ziara hiyo ya Rais Samia, IIT Madras, moja ya vyuo vya uhandisi vinavyoheshimika zaidi India, ilizindua tawi lake Bweleo, Unguja, la kwanza la vyuo vya IIT kufunguliwa nje ya nchi hiyo, likiongozwa na mwanamke, Profesa Preeti Aghalayam. Pamoja na vijana wa Kizanzibari na wa Bara, wamo humo vijana waliotoka India. Wanapanga vyumba, wanapanda daladala, wanakosea njia, wanabishana na mama ntilie kuhusu pilipili. Mzazi wa mmoja wao, huko Chennai, hawezi kulitamka vizuri jina la Bweleo. Siku mmoja wao akimgonga mtu kwa pikipiki ya kukodi, na kundi likamkamata mwenzake aliyekuwa akirudi zake kutoka sokoni, Mkuu wa Mkoa atakuwa na kama saa moja ya kuamua aseme nini mbele ya maikrofoni, na mhariri wa zamu atakuwa na nusu yake ya kuandika kichwa cha habari.